Hapa Hakuna Zulia

Katika nyumba ya wazee ya Kuikkaranta, kando ya ziwa katika nchi ya theluji, hukuhitaji kuuliza kama Sirpa Tiilikainen yuko zamu. Ulisikiliza tu. Wazee wakilalamika chinichini, hayupo. Wakitukana waziwazi huku wanacheka, yupo.

Alikuwa mwanamke wa hamsini na kitu, mpana wa mabega, nywele fupi alizozikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Mume alimwacha, au yeye ndiye aliyemwacha mume, inategemea unamuuliza nani. Mwanawe wa pekee alihamia Uswidi, akawa mtu wa kupiga simu sikukuu hadi sikukuu. Maisha yake yote ya kazi Sirpa aliyamaliza kwa wazazi wa watu wengine: kuwaosha, kuwavisha, kuwafunga vifungo, kuwafuta midomo. Mgongo ulishachakaa, mdomo bado.

"Haya maji umeyachota ziwani na barafu yake?" mzee Teuvo alimwambia siku akioshwa miguu. Teuvo alikuwa dereva wa treni enzi zake, na hadi leo alipenda mambo yaende kwa saa.

"Na hii miguu umeiazima kwa bata?"

"Bata ana adabu kuliko wewe."

"Basi akuoshe yeye."

Hivyo ndivyo walivyopendana. Watu wa huko hawapendani kwa maneno laini. Anayekusemesha vizuri sana wanamshuku, wanaona ana kitu anauza.

Mkuu wa nyumba alikuwa Jonna, msichana aliyelingana na mtoto wa Sirpa, mwenye viatu vyeupe visivyochafuka. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa na kanuni, na kanuni zake hazikutoka hewani. Baridi iliyotangulia mama mmoja wa chumba cha mwisho alijikwaa kwenye zulia, nyonga ikavunjika, na Krismasi hakuifikia. Tangu hapo Jonna alisema: mazulia ya kutandika sakafuni, basi. Sakafu iwe tupu, ioshwe na dawa ya nyumba, ile isiyo na harufu, kigari cha mzee cha kuegemea akitembea kipite bila kukwama.

Sirpa aliitikia kwa kichwa kama wengine. Alijua Jonna ana haki. Hilo likumbukwe.

Kisha akaja Bibi Elvi Laukkanen.

Aliletwa na bintiye, Irmeli, mwalimu mstaafu, mwisho wa majira ya baridi, theluji ikiwa imeanza kuwa nyeusi kando ya njia. Bibi alikuwa mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, lakini akili zake ziko sawa na miguu yake inatembea. Ugonjwa wa moyo tu ndio ulikuwa unadai mtu wa karibu. Alikuja na sanduku, picha ya marehemu mumewe Veikko, na zulia la matambara lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba.

Alikuwa mfumaji. Kitanda cha kufumia kilijaza nusu ya sebule yake kule mashambani, na nguo za ukoo mzima zilikatwa vipande zikaishia mle. Hilo zulia alilokuja nalo lilikuwa na mistari ya buluu ya mashati ya kazi ya Veikko, mistari myeupe ya mashuka ya arusi, na katikati mstari mwembamba mwekundu wa gauni ambalo Irmeli alivaa siku ya kwanza ya shule.

Jonna alilitazama akasema, kwa upole kabisa, "Zuri sana, Bibi. Tutaliweka juu ya kabati."

"Juu ya kabati atalikanyaga nani? Panya?"

"Ni usalama wako."

Bibi Elvi akaitazama sakafu ya plastiki iliyong'aa. "Sakafu tupu ni ya zizi," akasema, akakaa kitandani na koti lake, kama mtu anayesubiri basi.

Alikaa hivyo siku nyingi. Kila asubuhi Sirpa aliingia akamkuta ameinua miguu, hataki iguse chini. Alikuwa anakula kidogo. Kahawa anainywa, mkate mtamu wa iliki anauacha, na huko mzee akiacha mkate wa iliki watu huanza kunong'ona.

"Unajifia makusudi?" Sirpa alimuuliza.

"Nasubiri Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana nasubiri." Akageuka. "Kwetu Jumamosi unaosha sakafu kwa sabuni ya msonobari, unatandika zulia safi, unaingia sauna kuoga mvuke, unakaa. Unajua kwamba wiki imeisha. Hapa wiki haiishi, mwanangu. Inazunguka tu kama mbwa anayetafuta mkia."

Sasa, Sirpa naye alizaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo hiyo. Alizijua zile Jumamosi puani mwake. Na Jumamosi Jonna hayupo.

Waswahili wamesema wema usizidi uwezo, lakini nani aliwahi kuusikiliza huo msemo wema ukiwa umeshampanda kichwani? Jumamosi iliyofuata Sirpa alikuja na chupa ya sabuni ya msonobari toka kwake. Akaosha sakafu ya chumba kile mpaka korido nzima ikanukia msitu. Akapanda kiti, akalishusha zulia, akalitandika kutoka kitandani hadi dirishani. Bibi Elvi akashusha miguu. Akavua soksi. Akavisugua vidole kwenye ule mstari mwekundu, na siku hiyo mkate wa iliki aliula wote na akaomba mwingine.

"Jumatatu asubuhi linarudi juu," Sirpa alimwambia. "Na wewe hujaliona."

"Mimi ni kizee, sioni hata pua yangu."

Ikawa desturi yao. Jumamosi linashuka, Jumatatu kabla Jonna hajafika linapanda. Teuvo alipita na kigari chake akavuta hewa puani. "Chumba hiki kinanukia ndoa," akasema. Bibi Elvi akamrushia soksi.

Bibi alinenepa kidogo. Akaanza kutembea hadi dirishani mwenyewe kuwatazama ndege wa ziwani wakirudi barafu ilipoyeyuka. Irmeli alimshika Sirpa mkono akasema, "Sijui mnamfanya nini mama yangu, lakini asante." Sirpa akajisikia vizuri. Na hapo ndipo kosa lilipomea, katika kujisikia vizuri.

Maana jambo ambalo kila mwanamke wa huko analijua, na Sirpa alilijua pia, ni kwamba ile sabuni ikizidishwa huacha utelezi. Kwenye mbao za nyumba za zamani haina neno, mbao zinaunywa. Plastiki hainywi kitu. Jumamosi hiyo Bibi alikuwa amesema, "Ongeza kidogo, harufu imepungua," na Sirpa akaongeza, akasuuza kwa haraka kwa sababu kengele ya Teuvo ilikuwa inalia.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alimwambia Bibi, "Nakuletea kahawa, ningoje." Njiani akamkuta Teuvo amejimwagia supu mapajani, akasimama kumbadilisha suruali, wakataniana kama kawaida. Bibi Elvi alingoja, akachoka kungoja, akasikia ndege, akanyanyuka.

Sirpa aliusikia mshindo kutoka kule. Alipofika, Bibi alikuwa chini, kifundo cha mkono kimegeuka vibaya, damu inatoka juu ya nyusi na kuingia kwenye mistari ya buluu. Zulia lilikuwa limekimbia kutoka chini ya miguu yake, limejikunja kama kiwavi ukutani, kando ya kichwa chake.

Alifanya yote sawasawa. Alimfunika, akambana jeraha, akampigia simu mwenzake wa upande wa pili aite gari la wagonjwa. "Samahani, Bibi, samahani," alisema, na Bibi akasema, "Acha kelele, ndege watakimbia."

Mwenzake alikwenda moja kwa moja mlangoni kulipokea gari, chumbani hakufika. Sirpa akabaki na Bibi, aliyekuwa amefumba macho, na zulia. Akaliviringisha. Hakufikiri, mikono ndiyo iliyofikiri. Akalipitisha mlango wa nyuma, akalitia kwenye buti ya gari lake, akarudi akamshika Bibi mkono kabla hata damu haijakauka.

Ulikuwa muda mfupi sana. Nyonga zilisalimika, Mungu alisaidia hapo. Mkono ndio uliovunjika, ukafungwa hogo la plasta hadi kwenye kiwiko.

Bibi aliporudi kutoka hospitali walikaa chumbani mwake, Jonna, Irmeli na Sirpa. Jonna alichuchumaa mbele ya kiti, akauliza vizuri, "Bibi Elvi, ulianguka vipi?"

"Niliteleza kwenye zulia langu."

Jonna akatazama sakafu. Tupu, inang'aa. Akatazama juu ya kabati. Tupu pia. "Zulia gani, Bibi?"

"Hilo langu. La mashati ya Veikko. Lilikuwa hapa, na sabuni ya msonobari."

Jonna akamgeukia Sirpa. Hakuwa na shaka naye, ndicho kilichouma. Alimgeukia kama mtu anavyotazama saa ya ukutani. "Sirpa?"

Sirpa alifungua mdomo. Mdomo ule uliokuwa na jibu kwa kila mtu. Ukasema, "Hapa hakuna zulia."

Ilikuwa kweli, dakika hiyo. Ndivyo alivyojifariji baadaye garini.

"Lile zulia nadhani lilipelekwa kuhifadhiwa," Jonna akasema taratibu, akamtupia Irmeli jicho, na Irmeli akauma mdomo. Bintiye alikuwa akiingoja siku hiyo na kuiogopa, siku mama atakapoanza kuona visivyokuwepo. Akamshika bega. "Mama, umechanganya kidogo. Si kitu. Ulijigonga kichwa."

"Sijachanganya."

"Najua, Mama. Najua."

Kuna sauti moja watu humwambia mzee "najua" wakimaanisha "basi tena". Bibi Elvi aliisikia. Akageukia dirishani.

Yaliyofuata yalifuatana kama mabehewa ya Teuvo. Anaanguka na hajui kwa nini: basi asinyanyuke peke yake. Wakaweka vyuma kando ya kitanda. Daktari akaridhia mkanda wa kitini, kwa muda tu. Anaona vitu: basi aandaliwe chumba ghorofa ya juu, kwa wale waliosahau majina yao, ambako mlango unafunguliwa kwa namba na madirisha hayatazami ziwa. Atahamia baada ya sikukuu ya katikati ya kiangazi.

Kazi ya kumfunga mkanda asubuhi iliangukia kwa nani? Kwa yule aliyemzoea.

"Inua mikono, Bibi."

Bibi aliinua, mmoja mzima na mmoja wa plasta. Kifungo cha mkanda kikalia, tak. Siku moja alimwangalia Sirpa kwa karibu, macho yake ya kijivu yakiwa hayana hasira hata kidogo, na ndiyo maana hayakutazamika.

"Mwanangu, niambie wewe. Wengine sitawauliza. Lilikuwepo, au nimeota?"

Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu koridoni. Lilikuwa ni neno moja tu.

"Pumzika, Bibi," Sirpa akasema.

Bibi Elvi akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi nimeota," akasema. "Nilipenda sana ile ndoto." Na mkate wa iliki ukaanza kurudi jikoni mzima.

Sirpa hakuwa akilala vizuri. Alipiga kelele zaidi kazini, utani ukawa na makucha, hata Teuvo akalalamika. "Leo umekunywa siki? Nioshe miguu, usiikwangue." Alijiambia maneno ambayo kila mtu hujiambia: nikisema nafukuzwa, na nikifukuzwa nani atawatunza hawa, hawa wasichana wa mkataba wa miezi mitatu? Alijiambia kwamba mzee wa umri ule hata hivyo angefika ghorofa ya juu siku moja. Alijiambia kwamba alikuwa na nia njema. Hiyo nia njema ndiyo iliyomchoma zaidi, maana alijua kwamba kumtandikia zulia kulikuwa nia njema, kuliviringisha hakukuwa.

Na kiangazi kikapata joto. Buti ya gari ikaanza kunuka damu na unyevu.

Kuitupa kazi ya mikono ya mtu hakuweza. Kwa hiyo siku moja ya mapumziko, karibu na sikukuu, alilipeleka kwa gari hadi kwenye gati la kufulia mazulia, ule upande wa pili wa ziwa, akidhani hapatakuwa na anayemjua. Pale kuna meza ndefu za mbao, mabeseni makubwa, brashi za miti, mashine ya kukamulia yenye magurudumu mawili, na fito za kuanikia. Kila mwanamke wa upande huo hupita hapo kiangazi. Watu hawaulizani habari, wanatazamana mazulia. Zulia la mtu ni uso wake.

Alilikunjua mezani, akalimwagia maji. Doa lilikuwa limekaa upande mmoja, kahawia juu ya buluu. Akasugua. Povu likawa la rangi ya chai. Akasugua tena, machozi na jasho vikienda njia moja, akijitukana kimoyomoyo kwa majina ambayo hata Teuvo hakuwahi kumpa.

Ndipo akasikia toroli. Alipoinua uso, alikuwa Irmeli, kule juu ya njia, anashuka polepole, toroli imejaa mazulia. Alikuwa anaisafisha nyumba ya mama yake, maana mama alikuwa anapanda ghorofa ya juu na nyumba haikuwa na wa kuirudia.

Irmeli hakuwa amemwona bado. Jua lilikuwa machoni mwake. Sirpa alikuwa na nafasi ya kuliviringisha. Mikono yake ilijua namna, ilishafanya, na tayari ilikuwa imekamata ncha.

Akaiachia. Akalivuta zulia lote juu ya meza, akalinyoosha toka ncha hadi ncha, mstari mwekundu juu, akasimama pembeni yake na brashi mkononi kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Irmeli alifika, akasema, "Siku njema," kama mtu anavyosema kwa yeyote. Kisha akalitambua zulia kabla hajamtambua mtu. Akaweka toroli chini. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye ule mstari.

"Hili ni gauni langu," akasema.

"Ndiyo."

"Nilidhani ninyi mlilihifadhi."

"Lilikuwa sakafuni. Mimi ndiye niliyelitandika, na mimi ndiye niliyeizidisha sabuni. Aliteleza kama alivyosema. Nililitoa kabla gari halijafika." Akaiweka brashi mezani. "Nikasema hakuna zulia."

Irmeli hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilitazama lile doa kwa muda mrefu. Mwanamke wa meza ya jirani akajifanya anahangaika na mashine ya kukamulia.

"Nimemwambia mama yangu usoni kwamba akili zimemtoka," Irmeli akasema. "Ameniomba radhi. Unajua? Mama ameniomba radhi mimi, kwa kunisumbua."

"Piga," Sirpa akasema. "Nitasimama."

"Kukupiga kutanisaidia nini? Una mgongo kama ukuta." Akavuta pumzi, akachukua brashi ya pili. Alisugua ile sehemu yenye damu kwa nguvu ya mtu anayesugua kitu kingine, kisha akaitupa brashi ndani ya beseni. "Kamua. Tunakwenda. Jonna utamwambia, lakini siyo wa kwanza. Wa kwanza ni yeye."

Waliingia Kuikkaranta wamelibeba huku na huku, linawachuruzikia maji koridoni. Teuvo akasogeza kigari chake. "Nani amezama?" akauliza. Wakampita.

Bibi Elvi alikuwa kitini, mkanda kiunoni, anatazama dirisha. Walilishikilia mbele yake. Akanyoosha mkono mzima, akalishika, akalinusa.

"Sabuni nyingi mno," akasema. "Hamjasuuza."

"Bibi," Sirpa akasema. Akapiga magoti ili awe chini ya macho yake, goti likalia. "Lilikuwepo. Hukuota. Ulianguka kwa sababu yangu, na nikakuacha ujione umechanganyikiwa ili nisikamatwe."

Bibi aliyatazama matone yakifanya kidimbwi chini. Kisha akamtazama bintiye. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Vizuri." Akamgeukia Sirpa. "La zulia nimekusamehe. Nililitaka mwenyewe, na ile sabuni niliomba mimi. Lakini lile la 'pumzika'..." Akatikisa kichwa. "Hilo ningoje kwanza. Nilikuuliza wewe. Sikumuuliza mwingine. Nifungue huu mkanda."

Sirpa akaufungua. Bibi akataka kusimama hapo hapo kuwaonyesha, na hapo wote watatu wakaona gharama yake: miguu iliyokuwa inatembea hadi dirishani ilitetemeka, ikakataa. Kiti kilikuwa kimeila. Wakamketisha tena, na hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Jonna alisikia yote ofisini, uso ukimbadilika rangi. "Ningeweza kutafuta njia," akasema. "Ungekuja, tungetafuta zulia lenye mpira chini, tungelibana. Kwa nini hukuja?" Sirpa alipewa onyo zito, na zamu za peke yake akanyang'anywa. Kufukuzwa hakufukuzwa. Watu wa kuinua wazee hawaokotwi njiani, na Jonna alilisema hilo bila kutabasamu. Wenzake kwa muda mrefu walikunywa kahawa kabla yeye hajafika.

Vyuma vya kitanda viliondolewa. Chumba cha juu akapewa mtu mwingine. Zulia lilitundikwa ukutani kwa misumari, mkabala na kitanda, na Bibi Elvi alipoliona alisema, "Zulia ukutani! Na mimi mtanitundika wapi?" Sakafu ikabaki tupu. Miguu ilijifunza tena kidogo kidogo, kwa kigari, na dirishani anafika siku nyingine, siku nyingine hafiki.

Sirpa bado ndiye anayemwamsha. Bibi alitaka hivyo mwenyewe. Anaosha sakafu kwa dawa isiyo na harufu, anaikausha kwa kitambaa hadi anaona uso wake ndani, na uso huo hautazami sana. Kila asubuhi, kabla ya kushusha miguu, Bibi humuuliza.

"Sirpa. Kuna zulia chini?"

"Hakuna, Bibi."

"Na siku ile?"

"Lilikuwepo."

Hapo ndipo Bibi Elvi hushusha miguu, akamwegemea. Hajasema bado kama amemsamehe. Na Sirpa hajamuuliza.